Karani wa Mizani Hana Bastola

Toleo la kwanza la gemu lilianza hivi. Kijana anayeitwa Razaki anashuka stendi ya Mtwara usiku, begi begani, anatoka Dar es Salaam baada ya miaka sita. Binamu yake anampokea, wanakata vichochoro vya Chikongola, wanaingia chumbani, binamu anafunua kanga iliyokunjwa: bastola. "Bosi wa korosho ndiye aliyemuua baba yako." Chini ya maneno hayo kuna vitufe viwili. Kimoja kimeandikwa "Mfuate kwake Shangani", cha pili "Mvizie bandarini".

Nilisoma hayo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tumekaa barazani, vijana watatu walioitunga wakinitazama usoni kama watoto wanaosubiri matokeo ya darasa la saba. Nikauliza: bastola imetoka wapi?

Kimya. Aliyejibu ni yule anayeshughulika na programu. "Njomba, hii gemu tu."

Kisa ninachokichambua hapa ni cha miezi minne iliyofuata jibu hilo, miezi ya kuandika na kufuta, mpaka Razaki akatoweka na nafasi yake ikakaliwa na mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemtarajia. Naandika kwa sababu najua wako vijana wengine, Lindi, Masasi, hata huko Dar, wanaotunga gemu za uhalifu na wamekwama hapohapo pa kwanza.

Hawa watatu ni huyo wa programu, mchoraji, na binti aliyemaliza kidato cha sita ambaye anaandika mazungumzo. Mimi natunga michezo ya redio. Waliniita niwakague Kiswahili, si hadithi. Wanatumia Twine, programu ya bure ambayo unaandika kila tukio kwenye kisanduku chake, unaunganisha visanduku kwa mishale, na mwishoni unapata faili linalofunguka kwenye kivinjari cha simu yoyote. Haidai kompyuta ya bei mbaya. Inadai maneno. Na walichotaka kukisimulia kwa maneno hayo ni kangomba.

Kwa asiyetoka kusini: kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kabla hazijaanguka chini ya mti. Mkulima anabanwa mwezi wa pili au wa tatu, mtoto anaumwa, ada inadaiwa, kuna msiba. Mwenye fedha anampa kidogo leo, na msimu ukifunguka Oktoba anarudi kuchukua magunia kwa bei ya shida ya Februari. Njia rasmi ni nyingine: mkulima anapeleka korosho kwenye AMCOS yake, yaani chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, zinaandikwa kwa jina lake, zinakwenda ghala kuu, zinauzwa kwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na malipo yanapitia benki. Mwenye kangomba hana shamba. Ili mzigo wake upenye, anahitaji jina la mkulima wa kweli, na anahitaji mkono wa mtu aliyeko ndani.

Sasa tazama. Uhalifu upo hapo, umejaa. Siri ipo. Fedha ipo. Watu wa kusalitiana wapo, tena ni ndugu. Vijana hawa walikuwa wamekaa juu ya kisima, wakaenda kuazima maji Los Santos, mji wa kubuni wa gemu nyingine.

Siwalaumu. Wamekulia kwenye vibanda vya gemu, unalipia muda unakabidhiwa rimoti ya PS2, na gemu iliyokuwa ikigombewa kuliko zote ilikuwa Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004. Ufunguzi wake wanaukariri kama aya. Carl Johnson, CJ, anarudi nyumbani Los Santos mwaka 1992 kwa sababu mama yake ameuawa. Kabla hajafika, askari mla rushwa anaisimamisha teksi yake, anamnyang'anya fedha, anamtupa mtaa wa maadui. CJ anaokota baiskeli, anafika nyumbani, anakwenda makaburini, na hapohapo makaburini risasi zinaanza. (Mama yangu mzazi aliwahi kuitazama sehemu hiyo akipita na ndoo. Akauliza, huyo mtoto hajakaa hata matanga?)

Lakini ufunguzi ule una mizizi. Los Santos imechorwa kutoka Los Angeles, na 1992 ndio mwaka mji huo uliwaka moto baada ya askari waliompiga dereva mweusi, Rodney King, kuachiwa na mahakama. Gemu yenyewe inaishia kwenye ghasia mitaani. Askari anayemdhulumu CJ dakika za mwanzo hakuwekwa pale kama pilipili. Yeye ndiye hadithi. Bastola katika mitaa ile haihitaji maelezo. Chikongola inahitaji, maana mtu mwenye bastola ndani ya kanga ni kisa kizima peke yake: kaipata kwa nani, nani mwingine anajua, anaificha wapi mjumbe akipita. Razaki alikuwa na shina la San Andreas bila hata mzizi mmoja, na shina lisilo na mizizi ukilisimika mchanga wa Mtwara linadondoka upepo wa kwanza wa kusi.

Nikawaambia watafute mhusika mwingine. Wiki mbili baadaye wakarudi na Razia.

Mchoraji ndiye aliyekuwa na furaha kuliko wote. Aliona trela ya kwanza ya GTA VI, yaani Grand Theft Auto ya sita, ilipotoka Desemba 2023, ile inayomwonyesha mhusika mkuu wa kike, Lucia, akiwa gerezani, akasema hata wakubwa wameweka mwanamke, basi na sisi tumeweka. Nikafungua faili. Razia anashuka stendi usiku, begi begani. Binamu anampokea. Kanga inafunuliwa.

Hapa ndipo lugha yetu ilipotusaidia kwa namna ambayo sikuitarajia. Kiswahili hakibagui mwanamume na mwanamke kwenye kitenzi. "Anashuka" ni anashuka. "Akamtazama" ni akamtazama. Kumbe yule wa programu alichofanya ni kuiagiza kompyuta itafute "Razaki" kila ilipo na kuweka "Razia", kazi ya sekunde tatu, na hadithi nzima ikapita salama. Hakuna sentensi hata moja iliyolalamika. Msichana anashuka basi peke yake usiku wa manane na hakuna dereva wa bodaboda aliyemsemesha. Anaingia chumba cha mwanamume uchochoroni na hakuna jirani aliyechungulia. Mama yake hatajwi. Hakuna anayemuuliza kaolewa, ana mtoto, karudi kufanya nini.

Tangu siku hiyo nimekifanya kipimo, hata kwa michezo yangu ya redio: badili jina la mhusika, mfanye mwanamke, mfanye mzee, mfanye Mmakua au Mchaga, kisha soma upya kwa sauti. Sentensi zikikubali zote bila kugoma, mhusika hayupo. Kuna jina limevaa shati.

Kosa hili si la vijana wa Mtwara tu. Watch Dogs: Legion ya 2020 ilikupa London nzima: mtu yeyote unayempita barabarani unaweza kumwingiza kwenye kundi na kumchezesha, mlinzi, fundi ujenzi, bibi mwenye mkongojo, kila mmoja ana vistari vitatu vya maisha yake. Wazo la kuvutia mno. Lakini kwa kuwa hadithi kuu lazima imkubali yeyote, inaongea kwa namna ambayo yeyote angeongea. Nilimchezesha bibi mmoja nikasahau kuwa ni bibi mpaka alipoanza kukimbia. Watu wengi, mhusika hakuna. Utofauti wa sura ni rahisi kuupata, ndiyo maana unadanganya.

Upande wa pili iko Mafia ya mwaka 2002. Tommy Angelo ni dereva wa teksi mwaka 1930. Majambazi wawili wanarukia teksi yake wakikimbia, naye anaingizwa. Ungetegemea baada ya hapo upewe bunduki. Wapi. Unarudi kazini, unapeleka abiria, na ukizidisha mwendo polisi wanakusimamisha kwa faini. Kazi yake ya zamani imo kwenye vidole vyako. Na Mafia III ya 2016, Lincoln Clay, mtu mweusi kwenye mji wa Kusini mwa Marekani mwaka 1968: ukifanya fujo mtaa wa matajiri polisi wanafika upesi, ukiifanya mtaa wa maskini weusi wanajivuta. Hakuna anayekuhutubia kuhusu ubaguzi pale. Unahesabu sekunde mwenyewe.

Niliwaonyesha vijana hiyo miwili kwenye video. Sikusema mengi. Aliyetoboa alikuwa binti.

"Huyu Razaki hana mjomba?"

Swali dogo, lakini atokaye huku atalielewa uzito wake. Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, kwa desturi ukoo wetu unafuata upande wa mama. Dini, mji na sheria vimechanganya mambo, ni kweli, lakini mpaka leo kwenye ndoa, kwenye jando na unyago, kwenye ugomvi wa shamba, mtu ataulizwa mjomba anasemaje. Hadithi ya kijana anayelipiza kisasi cha baba kwa uamuzi wake mwenyewe, bila kikao, bila mjomba, imetungwa na ukoo mwingine. Tulipomrudisha mjomba mahali pake, kisasi kikaanguka chenyewe, na badala yake likaingia jambo lililo zito zaidi: deni.

Nikawapa karatasi, kila mmoja aandike watu wote ambao gunia moja la korosho linapitia mikononi mwao kutoka shambani hadi bandarini, na mbele ya kila mmoja aandike huyo mtu anaweza kudanganya nini. Mkulima: anaweka mchanga au kokoto, analowesha maji uzito upande. Kuli: anatoboa gunia. Dereva: anashusha mawili njiani. Mlinzi wa ghala: analala. Katibu wa AMCOS: anachelewesha malipo. Mama lishe wa pale ghalani: hana cha kudanganya ila anaona kila kitu. Karani wa mizani: anaandika.

Tukakaa kwenye neno hilo. Anaandika tu. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80. Karani akiandika 79, mkulima mwenye foleni ya watu sitini nyuma yake hatabishana kwa kilo moja. Kwa magunia 300 hizo ni kilo 300 zisizo na mwenyewe, na kwa shilingi 3,300 ni 990,000. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetishiwa. Mchoraji, aliyekuwa bado anaililia bastola yake kimoyomoyo, alipomaliza kuzidisha kwenye kikokotoo cha simu alisema, "Kumbe kalamu."

Mhusika akapata jina siku hiyohiyo: Somoe. Ni jina la huku, ukilisikia unajua. Ana miaka 26, kamaliza kidato cha nne, anatoka kijiji kimoja cha wilaya ya Tandahimba, na kazi ya karani kaipata kwa sababu mjomba wake anaheshimika kwenye chama. Gemu inamkuta mwanzoni mwa Novemba 2018. Tulichagua msimu huo kwa makusudi. Wakulima walikuwa wamegomea bei za minada ya Oktoba, magunia yamelala, watu wana njaa ya fedha; kisha tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe. Baada ya hapo ukaja uhakiki: mwenye korosho aonyeshe shamba. Kwa mtunzi wa hadithi za uhalifu hiyo ni zawadi. Uongo ulioandikwa wiki iliyopita, uliokuwa mdogo, unapanda thamani usiku mmoja, na unatafutwa.

Mjomba anafika mizani na magunia arobaini. Mikorosho yake haizidi hamsini, mingi mizee, na hata ukiipulizia dawa yote ya salfa ya wilaya nzima haitoi magunia arobaini. Somoe anajua. Foleni nzima inajua. Kilo 3,200 kwa bei mpya ni shilingi 10,560,000. Na hapa maisha ya nyuma yanaingia, si kwa kumbukumbu ya machozi, kwa sentensi moja ya mjomba akiwa ameshikilia kamba ya gunia: "Ile ada yako ya kidato cha tatu na cha nne, unadhani ilitoka kwenye korosho za nani?"

Alikuwa amechukua kangomba. Miaka yote hiyo analipa kwa kukopesha jina lake. Kalamu ambayo Somoe anaitumia kuandika 79 ilinunuliwa na mtu anayemtaka sasa aandike arobaini. Huko ndiko nilikotaka tufike. Maisha ya nyuma ya mhusika si kidonda anachotembea nacho ili tumwonee huruma. Ni nani anamdai, na anamdai nini, na kwa nini hawezi kukataa mbele za watu.

Kisha ikaja kazi ngumu, ambayo kwenye michezo ya redio sijawahi kukutana nayo: hayo yote yawe vitufe. Kwenye gemu, kama historia ya mhusika haibadilishi anachoweza kufanya mchezaji, ni maelezo ya kwenye kasha. Tukachukua somo kwa Sleeping Dogs ya 2012, ambayo Wei Shen, polisi aliyejipenyeza kwenye genge Hong Kong, anahesabiwa pande mbili kwa wakati mmoja: alama za polisi zinapungua ukiumiza raia au kuharibu mali, alama za genge zinapanda kwa ukali wa mapigo yako. Somoe naye tukampa hesabu mbili, kitabu na watu. Kitabu kinaonekana: magunia yaliyopimwa, kilo zilizoandikwa, tofauti. Watu hawaonekani.

Yule wa programu alitaka mstari mwekundu juu ya kioo unaopungua. Binti akakataa, akaleta wazo ambalo mimi naliona ndilo bora katika kazi yote. Heshima ya Somoe isomwe kwenye namna anavyoitwa. Mwanzo wazee wanamwita "mjukuu wangu". Akianza kukata kilo, inakuwa "binti". Halafu "karani". Mwisho kabisa, "wewe wa mizani". Hakuna namba, hakuna onyo. Mchezaji asiyesikiliza atashangaa kwa nini mama lishe hampi tena habari za usiku. Na shikamoo nayo ni kitufe: unaweza kuibonyeza, unaweza kuiruka kwa haraka ya foleni. Mzee akiitikia "marahaba, mjukuu wangu" halafu ukamwandikia 79, kidole kinakuwa kizito. Nimeona watu wakisita hapo zaidi ya walivyowahi kusita kumpiga mtu risasi kwenye San Andreas.

Tulitunza "njomba" pia, yaani mjomba kwa matamshi ya huku. Kwenye vichekesho vya Dar neno hilo ni la kumchekea mtu wa kusini. Humu linatumiwa na watu wa kusini wenyewe kwa wenyewe, na halichekeshi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa kuhusu kufukuzana. "Bila kukimbizana watu watachoka," alisema yule wa programu, na nilipombishia alinikumbusha kwamba mimi nazoea wasikilizaji ambao hawawezi kubonyeza kitu. Alikuwa na haki. Siku tatu hatukuzungumza vizuri. Mwisho tukakubaliana pawe na safari ya usiku kwenye bodaboda, njia ya mchanga ya kushuka kutoka uwanda wa Makonde, mgambo wameweka kizuizi, mtu anawafuata kwa nyuma. Ila Somoe hajui kuendesha pikipiki. Ni abiria. Amebeba gunia mapajani na kitabu cha mizani ndani ya kanga, na dereva anapiga kelele mzigo upunguzwe. Unachagua cha kutupa. Ndiyo hivyo tu, lakini mikono inatoka jasho. Mtu asiyeweza kupiga wala kuendesha anakulazimisha ubuni mbio za aina nyingine. Kanga ya bastola, ukiikumbuka, imerudi. Sasa imebeba daftari.

Wahusika wengine tuliwafikiria na kuwaacha. Mchoraji alitaka mkimbizi aliyevuka mto Ruvuma kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, aliyewahi kushika silaha. Nilikataa, na bado nashikilia. Vita ile ilianza 2017 na watu wa Mtwara wana ndugu ng'ambo; ukitaka kuiandika, kaa kwanza na walioikimbia, usiichukue kama kiungo cha kumfanya mhusika aonekane hatari. Mvuvi wa baruti wa Msimbati aliyepoteza kiganja ni mhusika mzuri sana, tena wa kweli kwa maana ya uhalifu wenye bei mwilini, lakini angehitaji bahari yake na hatukuwa na nafasi. Labda kazi ijayo.

Tulipomaliza toleo la tatu, saba walicheza, majirani na marafiki. Kijana mmoja shabiki wa gemu aliitupa baada ya robo saa: "Hii ya uhalifu gani, hamna polisi." Wengine wanne wakarudia mara ya pili bila kuombwa. Lakini aliyetusahihisha hasa ni mama mzazi wa yule wa programu, ambaye hajawahi kushika rimoti, mwanawe akimsomea na yeye akisema bonyeza hiki, bonyeza kile. Akasimamisha mahali ambapo Somoe anamsalimia kila mkulima kwa utulivu. "Saa tano asubuhi? Jua lile? Karani anasema weka gunia, toa mguu. Shikamoo anasema asubuhi na kwa anayemjua." Tukaandika upya sura nzima. Shikamoo sasa zipo chache, na kwa uchache wake zinauma zaidi.

Pia alitaka kujua mjomba alikuwa anakunywa uraka, pombe ya mabibo ya korosho, au la. Hatukuwa tumefikiria. Anakunywa.

Kuna yaliyobaki mabovu na sitayaficha. Mwenye kangomba ni mwembamba kama karatasi. Miwani ya jua, gari jeupe, anacheka peke yake. Ni yule bosi wa Razaki amehamia gemu mpya bila kubadili nguo. Ukimpitisha kwenye kipimo changu cha jina, anafeli. Wenye kuweka fedha kwenye kangomba mara nyingi ni watu wa kawaida wenye mshahara au kiduka, wanaozungusha akiba yao, na ukimwambia mmoja wao kuwa ni mhalifu atakuonyesha watu kumi aliowaokoa Februari. Hilo ndilo lingemfanya atishe. Tulimwongezea tukio moja, anahesabu noti za ada ya mwanawe huku Somoe akimsubiri mlangoni, lakini tukio moja haliumbi mtu. Na mjomba, kwa upande wake, ana uzito mwanzoni kisha anageuka mnyonge wa kuhurumiwa kuanzia katikati, kwa sababu binti alimpenda mno akashindwa kumwacha akosee.

Mwisho nao tuna miwili tu, na mmoja ni dhaifu: Somoe anakiri mbele ya maofisa wa uhakiki, mambo yanatulia. Nimeomba ufutwe. Anayekiri Jumatatu bado ana foleni Jumanne, na mjomba bado ni mjomba.

Wiki iliyopita binti alinitumia kisanduku kipya. Kinamhusu mlinzi wa ghala, mzee ambaye katika matoleo yote alikuwa na mstari mmoja, "Karani, funguo hizi hapa." Sasa usiku mlango wa ghala unashikizwa usifunguke na upepo kwa msumari mnene wa chuma, mrefu kama kiganja. Mchezaji akiubonyeza, mzee anaeleza ni wa reli. Baba yake alikuwa kibarua kwenye reli ya karanga, ile Waingereza waliyoijenga kutoka Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mradi wao wa kuanzia 1947 uliokufa kabla miaka mitano haijatimia, na reli yenyewe ikaja kung'olewa. Alipewa ahadi ya mshahara wa miezi ambayo haikulipwa. Akachukua msumari.

"Na wewe, mjukuu wangu," mzee anamuuliza Somoe, "umechukua nini?"

Chini yake ameacha vitufe vitatu, vyote bado vitupu, na ujumbe kwangu: njomba, nisaidie hapa.

Nimevitazama siku nne.